Sheria na Hukumu: Bao, Shairi na Uhakiki wa Barazani Mombasa

Mjadala juu ya sheria za ushairi wa Kiswahili umekula wino mwingi. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, wahakiki wamegawanyika makundi mawili, na kila kundi lina hoja zake zilizozoeleka. Upande mmoja husema kwamba utungo usio na vina na mizani ni guni, wala haustahili jina la shairi. Upande wa pili hujibu kwamba vina na mizani ni vazi tu, na kwamba mtu habadiliki utu wake kwa kubadili kanzu. Hoja hizo zinajulikana na hapana haja ya kuzirudia hapa. Linalostahili kuangaliwa ni jambo ambalo pande zote mbili zimelikubali bila ya kulitaja, nalo ni kuwa swali kuu la mhakiki ni kujua kama utungo ulio mbele yake ni shairi ama si shairi. Swali hilo likishajibiwa, kazi huonekana imekwisha. Ama uzuri au udhaifu wa shairi lenyewe, hilo huachiwa kila msomaji na maoni yake, kana kwamba ni suala la chumvi katika mchuzi.

Hapo ndipo penye kasoro, na kasoro hiyo si ya upande mmoja. Mhifadhi wa mapokeo anapokwisha kuhesabu mizani na kuiona imetimia, hunyamaza. Mwanamapinduzi wa ushairi anapokwisha kueleza kwamba mtunzi ana haki ya kuziacha mizani, naye hunyamaza. Baina ya vimya hivyo viwili umepotea ufundi wa kuhukumu, yaani ule uwezo wa kusema kwamba utungo huu umesimama na ule umeanguka, na kutoa sababu ambazo mtu mwingine anaweza kuzipima. Si kweli kwamba Waswahili hawakuwa na ufundi huo. Wanao, nao unaweza kushuhudiwa hadharani bila ya kiingilio, isipokuwa wanaoutumia hawauiti uhakiki, na mara nyingi kilicho mbele yao si kitabu. Ni ubao wa mashimo thelathini na mawili.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, kuanzia uwanja ulio mbele ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, hadi ndani ya mitaa ya Kibokoni na Kuze, baraza ni sehemu ya nyumba na pia ni sehemu ya njia. Ni mali ya mwenye nyumba, lakini mpita njia hakatazwi kuketi. Hapo hunywewa kahawa tungu, husomwa barua, hupatanishwa waliogombana, na aghalabu hapo huwekwa bao. Wachezaji ni wawili, lakini wanaoshughulika ni zaidi ya hao. Waliowazunguka hawakai kimya kama watazamaji wa mchezo wa sataranji katika nchi za Ulaya. Husema, hukejeli, hushauri pasipoombwa shauri, na mchezo ukimalizika hutoa hukumu. Hukumu hiyo ndiyo mada ya makala haya.

Hapana budi mchezo wenyewe uelezwe kidogo, kwa kuwa wasomi wengi wa lugha wanaujua kwa jina tu. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, na kila mchezaji ana safu mbili. Kete, ambazo kwa kawaida ni komwe, zote ni sitini na nne. Mchezo hauanzi na kete zote ubaoni. Kila mmoja huweka sita katika nyumba, ambalo ni shimo la safu ya mbele lililo tofauti na mengine kwa umbo na kwa haki zake, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuume kwake. Ishirini na mbili zilizobaki hukaa mkononi. Awamu ya kwanza ni ya kunamua, ambapo kila zamu huingiza kete moja ubaoni. Awamu ya pili ni ya mtaji, wakati mikono imekwisha kuwa mitupu na kinachochezwa ni kile kilichomo mashimoni. Mwenye uwezo wa kula hana hiari ya kuacha kula. Asiye na cha kula hutakata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala, na zamu ni ya mwenziwe. Safu ya mbele ya mtu ikimalizika kabisa, au akikosa pa kucheza, amefungwa.

Mwanaisimu anayeyasikia maneno haya kwa mara ya kwanza hawezi kuyapita bila ya kusimama. Kunamua ni kukwamua kilichonasa. Kutakata ni kuwa safi. Mtaji ni ile mali aianziayo mfanyabiashara. Nyumba ni nyumba, nayo inaweza kulindwa muda mrefu ama kutolewa safari. Kula na kulala hazihitaji maelezo. Mchezo mzima umesemwa kwa maneno ya maisha ya mji wa biashara: kuna makazi, kuna rasilimali, kuna kutoka na kurudi, kuna usafi, kuna usingizi unaomkuta mtu asipotaka. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililobuniwa na kamati. Neno bao lenyewe limebeba maana kadhaa: ubao mkubwa, mchezo huu, goli la mpira, na pia ramli, kwani apigaye bao hutafuta yaliyofichikana. Atakaye kuzijua istilahi za mchezo kwa ukamilifu wake hana budi aende akakae barazani. Kamusi zitamsaidia kidogo tu.

Jambo moja la kanuni lina uzito wa pekee kwa hoja inayofuata. Katika sataranji na katika drafti, kilicholiwa hutolewa nje ya ubao. Katika bao hakitoki. Kete zilizoliwa hubadilika kuwa za aliyezila, na papo hapo huanza kutiwa moja moja katika mashimo yake kuanzia kichwani, na huenda zikamletea mlo mwingine. Kete sitini na nne zilizoanza ndizo sitini na nne zitakazomaliza. Mtu hushindwa kwa mali iliyokuwa yake.

Sasa, sheria hizi ni nyingi na ni kali, na barazani hakuna anayezifanyia mzaha. Anayekosea huambiwa mara moja, na kete hurudishwa. Lakini hakuna mtu mzima katika Mji wa Kale anayedhani kwamba kuzifuata sheria ndiko kucheza vizuri. Mtoto anayejifunza huzifuata zote. Hata ushindi haufungi mjadala, na hili ndilo la ajabu kwa mgeni. Sheria inamtaja aliyeshinda bila ya shaka yoyote, wala hapana rufaa, na bado baraza hubishana: ati fulani ameshinda lakini hakucheza, ati mwenziwe amefungwa lakini ule mchezo wa katikati, alipoiachia nyumba iliwe ili apate pa kupita, hauonekani kila siku. Hukumu huanza pale sheria inapokwisha kusema neno lake.

Mtu anaweza kudai kwamba hayo ni maoni ya watu tu, kila mmoja na lake. Dai hilo halisimami mbele ya ubao. Anayesema kwamba fulani alikosea kulinda nyumba yake ataulizwa alikosea wapi. Akiwa anajua asemalo, atazirudisha kete mahali zilipokuwa, atatia ile anayoona ingetiwa, na wote waliopo wataiona safari ya kete hadi inapolala. Huenda ikathibitika kwamba yeye ndiye aliyekosea. Alex de Voogt, katika utafiti wake juu ya mabingwa wa bao uliochapishwa Leiden mwaka 1995, ambao kwa sehemu kubwa ulifanyika Zanzibar, alijishughulisha na mipaka ya akili ya mchezaji, na miongoni mwa aliyoyachunguza ni uwezo wa bingwa kucheza pasipo kuutazama ubao. Uwezo huo unaeleza kwa nini baraza linaweza kuhukumu: ubao umo vichwani mwa watu, na kwa hiyo hoja juu yake inaweza kupimwa. Maoni ya mtu huwa hukumu siku ile anapokuwa tayari kuzirudisha kete.

Katika uhakiki wa maandishi, kuzirudisha kete ni kurudi kwenye matini. Si kwenye wasifu wa mtunzi, wala kwenye historia ya zama zake, ingawa vyote viwili vina faida yake.

Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa takriban kati ya 1776 na 1840, ni mfano mzuri wa mtunzi aliyefanyiwa kila jambo isipokuwa hilo. Husemwa mara kwa mara kwamba ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Kauli hiyo ina ukweli wake, japo imerudiwa hadi imechakaa. Tungo zake zilihifadhika kwa kumbukumbu za watu, zikakusanywa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na Mwalimu Sikujua akishirikiana na W. E. Taylor, zikachapishwa na William Hichens mwaka 1940, na zikapata uchunguzi mpana zaidi katika kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha mwaka 1979. Njia hiyo ndefu ilikuja na baraka na hasara. Baraka ni kwamba tungo nyingi zilifika pamoja na maelezo ya sababu zake: hili lilitungwa wakati wa ugomvi wa Mazrui na Busaidi, hili ni jibu kwa mtunzi wa Lamu, hili ni la mke na mume. Hasara ni kwamba sababu ya shairi imechukua mahali pa hukumu ya shairi. Mhakiki akishaeleza ni vita gani vilivyokuwa vikipiganwa, huhisi amekwisha kulisoma shairi.

Muyaka ametunga pia juu ya bao, utungo unaojulikana kwa jina la Bao Naligwa. Ni rahisi mno kuusoma utungo wa namna hiyo kuwa fumbo la siasa na kuishia hapo, maana Mombasa ya wakati ule ilikuwa na siasa ya kutosha na Muyaka hakuwa mtu wa kukaa kando. Usomaji huo haukosei, unaharakisha. Hadhira ya Muyaka walikuwa wachezaji. Fumbo la bao halikuwafikia kama picha iliyotolewa mbali, bali kama jambo ambalo kila mmoja wao alikuwa na utaalamu nalo na rai juu yake. Kumwambia mtu wa Mvita kwamba mambo ni bao ni kumwita aje ahukumu: nani anacheza, nani anasukuma kete tu, nani amebaki bila ya mtaji naye hajijui. Fumbo la mnyama au la bahari halimpi msikilizaji kazi hiyo. Msomi wa leo asiyelijua bao huona mafumbo mawili yakiwa sawa, na huyaweka katika orodha moja ya tamathali.

Labda neno moja la pembeni laweza kuruhusiwa hapa. Kiswahili kina neno shaha, ambalo kwa asili yake ya Kiajemi ni mfalme, na ambalo huitwa yule mfalme wa sataranji. Na neno hilo hilo ndilo analoitwa mkuu wa malenga. Tena shaha ni kile kiini kitamu kilichomo kileleni mwa mnazi, ambacho hakipatikani ila kwa kuuangusha mti wenyewe. Si ajabu lugha yenye neno kama hilo kuuona mchezo na utungo kuwa ndugu.

Udugu huo huonekana zaidi katika tungo za kujibizana, ambazo Mombasa na Lamu zimezikuza kuliko pengine mahali popote pengine pwani. Mfano ulio karibu zaidi ni wa Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Kuze. Diwani yake ya Sauti ya Dhiki ilitoka mwaka 1973, baada ya kifungo cha tangu 1969 hadi 1972 kilichotokana na waraka wa Kenya: Twendapi?, na mwaka 1974 ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Kila mwanafunzi anajua kwamba tungo hizo ziliandikwa kwa siri gerezani juu ya karatasi za chooni. Ni habari ya kweli na ya heshima, lakini imegeuka pazia. Tungo zilizoandikwa kwa mateso haziwi nzuri kwa ajili ya mateso hayo, na mwandishi wake hakuomba zisomwe kwa huruma.

Katika diwani hiyo mna utungo wa Mnazi: Vuta N'kuvute, ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombea mnazi na wanapokezana kauli. Uhakiki uliozoeleka hutambua upesi kwamba mnazi ni nchi, kwamba mmoja wa ndugu ni mwenye kula na mwingine ni mwenye kunyimwa, kisha hufunga kitabu. Barazani maswali yangekuwa mengine. Badi amejibu alilosemwa, au amelikimbia? Alii alipoulizwa swali lile, je, alikuwa na jibu bora ambalo hakulitumia? Hoja iliyotolewa na huyu imechukuliwa na yule na kuwa yake, au imeachwa inalala? Hapo ndipo kanuni ya kete isiyotoka nje ya ubao inapofaa. Mjibuji hodari hatupi kauli ya mwenziwe. Huila, kisha huitia moja moja upande wake mpaka imrudie mwenyewe ikiwa na mzigo mwingine. Ukisomwa hivyo, ubora wa utungo huu huonekana mahali ambapo fumbo peke yake halifiki: Badi hakufanywa mpumbavu. Ana ulimi, ana hoja, na msomaji anayemchukia hana budi amsikilize. Mtunzi aliyekuwa kifungoni, mwenye kila sababu ya kumfanya mpinzani wake kikaragosi, amempa kete zake zote. Jambo hilo ni kubwa zaidi kuliko kule kuutambua mnazi ni nini. Na vina na mizani, ambavyo vimetimizwa barabara, hapa vina kazi mahususi: ndivyo vinavyohakikisha kwamba wachezaji wawili wana ubao mmoja. Laiti mmoja angesema kwa mizani na mwingine bila, pasingekuwa na shindano.

Hukumu hii haitoi ushindi kwa wahifadhi wa mapokeo. Zimo tungo katika magazeti na madiwani, zaidi ya idadi inayofaa kutajwa, ambazo vina vyake vyote vipo na mizani yake haina pungufu, na ambazo barazani zingeambiwa neno lile lile: ameshinda lakini hakucheza. Ni tungo ambazo mshororo wa tatu umeandikwa kwa sababu wa pili ulidai mwenzi, na kituo kimekuja kwa sababu ubeti ulikuwa haujafungwa. Sheria imetimizwa na mtoto.

Kuhusu upande wa pili, mchezo wenyewe una funzo ambalo limo katika majina. Liko bao linaloitwa bao la kujifunza, ambalo kete zote huwekwa ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili katika kila shimo, wala hamna kunamua. Ni bao pungufu kwa jicho la bingwa, lakini hakuna anayesema si bao. Waomani wana hawalisi, ambao ni mchezo wa ukoo huo huo wenye kanuni zake, na Zanzibar umepewa jina la bao la Kiarabu. Waswahili wamelifanya neno bao kuwa la ukoo mzima, kisha wakaongeza kivumishi panapohitajika, na lile gumu kuliko yote wakaliita bao la Kiswahili. Kwa namna hiyo ugomvi wa kama hiki ni bao ama si bao haukuzuka, na nguvu za watu zikabaki kwa ajili ya swali la pili, lililo gumu zaidi, la nani amecheza. Ushairi usiofuata vina umekwisha kupewa majina kadhaa, na jina la mashairi huru ndilo lililoenea. Lingeweza kutosha. Kezilahabi alistahili kuulizwa, utungo kwa utungo, ni kitu gani kinachoifanya kete yake ya mwisho ianguke pale ilipoanguka, maadamu haikupelekwa na mizani. Badala yake ameulizwa cheti cha kuzaliwa.

Bila shaka ulinganisho huu una mpaka. Bao lina mwisho usiobishaniwa, shairi halina. Mchezaji ana mpinzani mbele yake, na mtunzi wa utenzi wa kidini, mathalan, hana. Haifai kuulizwa nani kashinda katika utungo wa maombolezo. Zaidi ya hayo, baraza linalozungumzwa hapa ni la wanaume. Nusu ya mji haikuketi pale, nayo ilikuwa na mahakama zake. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza mashindano ya vyama vya lelemama, ambamo nyimbo za mafumbo zilitungwa ili kulipiga kundi la upande wa pili, na ambamo kila neno lilipimwa na waliolengwa na wasiolengwa. Vigezo vya hukumu ile havijachunguzwa kwa kina kinachostahili, na yeyote atakayedai kwamba uhakiki wa asili wa Mombasa ni ule wa bao na shairi la wanaume peke yake atakuwa ameuona upande mmoja wa ubao.

Filamu nazo zina nafasi yake katika habari hii, ingawa si kubwa. Filamu za Kihindi zilipendwa mno Mombasa, na mazungumzo juu yake yaliijaza mitaa kuliko mazungumzo juu ya kitabu chochote. Lakini hukumu juu ya filamu ilikuwa dhaifu kuliko hukumu juu ya bao, na sababu ni ya kimaumbile tu: kete hurudishwa, picha ikishapita haikurudi. Aliyeshinda mabishano juu ya Mother India ama Sholay alikuwa yule mwenye kumbukumbu nzuri na ulimi wa kusimulia, na pengine filamu aliyoisimulia ilikuwa bora kuliko ile iliyoonyeshwa. Kanda za video zilipoenea ikawezekana kurudisha nyuma, na hata hivyo haikuonekana kwamba mabishano yaliongezeka busara.

Lililo la maana zaidi ni namna muziki wa filamu hizo ulivyoingia katika tarabu ya Mombasa. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba kwa sauti zilizofuata nyimbo za filamu za Kihindi, na mengi ya maneno aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita, diwani iliyotolewa mwaka 1971 ikiwa imehaririwa na Shihabuddin Chiraghdin. Wasomi wa nje walipokutana na nyimbo hizo baadhi yao walisikitika kwamba sauti ni za kuazima. Hadhira ya Mombasa haikusikitika. Iliitenga sauti na maneno, ikahukumu kila kimoja peke yake: sauti kama imefuatwa vizuri, maneno kama yamekaa ndani ya sauti isiyokuwa yao bila ya kuvunjika. Kuyatia maneno ya Kimvita, yenye vina vyake, katika wimbo uliotungwa kwa lugha nyingine ni kazi ya hesabu kama ile ya kujua kete ya mwisho itaangukia wapi. Msikilizaji alijua hivyo, na aliyeteleza alijulikana.

Kinachohitajika sasa ni kazi ya mikono kabla ya nadharia. Msamiati wa hukumu za barazani, wa bao, wa tarabu, wa lelemama na wa kujibizana, ukusanywe wakati wanaoutumia wapo. Njia yake imekwisha kuonyeshwa. Ahmed Sheikh Nabhany, mtu wa Lamu aliyeishi Mombasa na aliyefariki mwaka 2017, aliona kwamba maneno ya uundaji wa vyombo yanapotea pamoja na mafundi wake, akayatungia Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa Leiden mwaka 1979, ambamo chombo huundwa kipande kwa kipande mpaka kikaelea. Kisha akaufanyia mnazi kazi kama hiyo katika Umbuji wa Mnazi mwaka 1985. Utungo wa namna hiyo juu ya bao ungekuwa na faida kwa mwanakamusi na kwa mhakiki pia, wala mtunzi wake asingetaabika kutafuta mahali pa kuanzia: nyumba yenye kete sita, mbili na mbili kuume kwake, na ishirini na mbili zikiwa bado mkononi.